Msimu wa Majembe na Moyo wa Kitinda

Tarehe 2, mwezi wa tisa

Nina miaka sabini na sita. Nimemzika mke mmoja, watoto watatu kati ya watano, ndugu zangu wote, na wahunzi wanne waliosema nitaacha kazi kabla yao. Nimeishinda ndui. Nimeyashinda mafuriko yaliyobeba nyumba yangu ya kwanza na mlango wake. Daktari mmoja aliniambia mapafu yangu hayatafika miaka hamsini kwa moshi wa makaa. Yeye ndiye hakufika.

Naandika kwa sababu msimu wa majembe umeanza, na kila msimu naandika. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka arobaini, darasa la watu wazima, nikawa wa pili. Wa kwanza alikuwa anachungulia kwa jirani yake.

Mvua ikikaribia kila mtu anakumbuka jembe lake limeliwa na ardhi. Basi tunafua, mimi na Kitinda, mwanangu wa mwisho, miaka ishirini na sita. Mimi nashika koleo na nyundo ndogo, yeye anapiga nyundo kubwa. Mji huu hauna mtu anayepiga kama yeye, na aliyemfundisha ni mimi.

Leo majembe manne. Kitinda ana mafua.

Tarehe 3

Manne tena. Jua kali.

Tarehe 6

Mafua ya Kitinda yamekuwa homa. Dada yake, binti yangu mkubwa anayeshona nguo chumba cha mbele, amesema, "Baba, mwache alale leo."

Nikamwambia homa ya mhunzi inatoka kwa jasho, na jasho liko karakana, haliko kitandani. Mimi mwenyewe niliugua siku tano mwaka ule wa ukame na sikukosa kazini hata asubuhi moja.

"Ndiyo maana unakohoa mpaka leo," akasema.

Huyu mtoto ana mdomo kama mkasi wake. Kitinda aliamka mwenyewe akajifunga ngozi ya kazi kifuani. Tumefua matano.

Tarehe 7

Matano. Kitinda hakula mchana.

Tarehe 11

Homa imeondoka. Si nilisema?

Tarehe 15

Kwetu mpiga nyundo haachi mpaka mwenye koleo agonge fuawe, kile chuma kizito tunachofulia juu yake, mara mbili bila kugusa jembe. Nilifundishwa hivyo na baba yangu. Mwenye koleo ndiye anayekiona chuma, mwenzake anafuata tu. Anayeacha kabla ya kugongewa anaharibu jembe na anamwaibisha mwalimu wake.

Leo Kitinda ameiweka nyundo chini kabla sijagonga. Tangu aanze kazi hajawahi. Nilimgombeza mpaka mafundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama. Nikamwambia nyumba hii haina mtu wa kuacha chuma kikiwa chekundu. Kisha nikamtazama usoni. Midomo ilikuwa rangi ya majivu.

"Baba, moyo unakimbia peke yake."

"Unakimbia kwenda wapi?"

"Sijui. Mimi nimesimama. Wenyewe unakimbia."

Akashika kifua upande wa kushoto, akakaa chini kwenye makaa yasiyowashwa, yeye asiyependa uchafu. Dada yake akatoka mbio na uzi bado uko shingoni, akampeleka zahanati. Muuguzi alimsikiliza kifua muda mrefu kisha akatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Mimi nilibaki kuzima moto. Moto hauachwi.

Tarehe 17

Nimekwenda hospitali. Kitinda amelala na nyaya zimebandikwa kifuani, na mashine inachora vilima vilima kwenye karatasi. Wamempima damu, wamempiga na picha ya moyo ukiwa unapiga. Miguu imevimba. Anahema kama aliyepanda mlima, na amelala.

Daktari ni kijana mwenye ndevu tatu. Ameniambia, "Mzee, msuli wa moyo wa kijana wako umevimba."

Nikamwuliza nani kampiga.

Hakucheka. Akasema ni yale mafua. Virusi vya mafua vikiingia mwilini, mwili unapigana navyo, na mara chache vita inafika mpaka kwenye moyo. Hapo msuli wa moyo unaumia, unavimba, unakosa nguvu ya kusukuma damu. Ndiyo maana pumzi haitoshi, ndiyo maana miguu inajaa maji.

"Moyo ni msuli, Mzee, kama huu," akanishika mkono juu ya kiwiko.

Hapo nikaelewa. Msuli naujua mimi kuliko yeye. Kila mpiga nyundo mpya mkono unamvimba wiki ya kwanza mpaka hawezi kufunga kifungo cha shati. Anayepumzika siku tatu amekwisha, harudi tena kwenye nyundo. Anayeendelea, uvimbe unakwenda wenyewe na mkono unakuwa mgumu maisha yake yote. Hata Kitinda ilikuwa hivyo. Alilia usiku, asubuhi nikampa nyundo, na leo tazama mabega yale.

Sikumwambia daktari. Hakuniuliza.

Tarehe 25

Kitinda amerudi nyumbani na vidonge vya aina tatu. Muuguzi wa zahanati amekuja kumwona, mama mfupi mwenye sauti ya mnadani. Amekaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Babu, kunja ngumi. Fungua. Kunja. Fungua. Endelea mpaka niseme."

Nikakunja, nikafungua. Alitaka kunichosha, hanijui.

"Umechoka?"

"Bado."

"Haya, siku utakayochoka utaushusha mkono uweke mapajani. Moyo wa huyu hauna pa kushushwa. Umevimba na bado unafanya kazi. Amelala unafanya, anakula unafanya. Likizo hatuwezi kuupa. Tunachoweza ni kumpumzisha mwenye moyo, ili nao upunguziwe mzigo, upone polepole. Miezi mitatu kwa uchache. Pengine sita. Nyundo hapana, ndoo ya maji hapana, kukimbia hapana. Mpaka daktari ampime tena."

Binti yangu akauliza, "Na akijisikia mzima?"

"Hapo ndipo pa kuogopa, mwanangu. Atajisikia mzima kabla hajapona. Kuna umeme kidogo unaouambia moyo piga sasa, piga sasa. Umeme huo unapita humo humo kwenye msuli. Msuli ukiwa na uvimbe au kovu, na mtu akafanya kazi nzito, umeme unapotea njia. Moyo unatetemeka tu, haupigi."

Nikamwuliza kama amewahi kushika nyundo.

"Nimezalisha akina mama mia nne, Babu. Sijaona nyundo ya kunitisha."

Kitinda alicheka, na kicheko kikamkata pumzi.

Nimeandika yote aliyosema kwa sababu anaongea vizuri. Kwamba nimekubali, hilo sikusema. Kama moyo haulali hata siku moja tangu mtu azaliwe, basi huo ndio msuli uliozoea kazi kuliko yote.

Tarehe 29

Nafua peke yangu. Jembe moja na nusu.

Seremala anayetutengenezea mipini, jirani yangu miaka thelathini, amekuja kusimama kwenye uzio. "Fundi, mipini yangu inaoza ikingoja wachumba."

"Iache ikomae. Mwaka jana ilikuwa inapinda kama miguu yako."

"Nikutafutie mpiga nyundo? Yupo kijana wa kule stendi ana nguvu."

Nikamwambia nyundo ya nyumba hii haishikwi na mtu wa kukodi. Akashika tama, akaniangalia. "Utakufa na kichwa chako hicho," akasema. Ni mtani wangu, simjali.

Tarehe 4, mwezi wa kumi

Moja. Mgongo.

Tarehe 5

Moja.

Tarehe 9

Miguu ya Kitinda imepungua. Viatu vinaingia. Anakaa kwenye kiti mlangoni mwa karakana anatazama. Leo nilikuwa nimegeuka kuchukua maji, nikasikia, "Baba, limepoa hilo." Nikatazama, kweli lilikuwa limepoa. Alijua kwa sauti tu. Nikamwambia lilikuwa halijapoa.

Tarehe 10

Wateja watatu wamerudi mikono mitupu. Mmoja amesema atanunua la kiwandani.

Tarehe 14

Kitinda amekula sahani mbili. Anatembea mpaka kisimani na kurudi bila kusimama. Ameanza kumtania dada yake, ameficha miwani yake ndani ya cherehani. Nyumba ilikuwa na kicheko siku nzima. Nimesikia raha ambayo sikuisikia tangu mama yao afe, na humo humo nikasikia hasira. Kijana mzima kabisa, amekaa kitini, na mimi nina miaka sabini na sita napiga nyundo mbili kwa mikono miwili.

Tarehe 18

Nimemwambia Kitinda kesho kutwa aje apige kidogo. Nikamweleza habari ya mkono wake ulipovimba.

Akasema, "Daktari alisema miezi mitatu, Baba. Ndiyo kwanza mmoja."

"Daktari amewahi kufua?"

"Hajawahi."

"Basi."

Binti yangu alikuwa anapima kitambaa. Amekitupa chini. "Baba, utamuua mtoto."

Nimemjibu maneno ambayo sitayaandika. Akasema anamwita muuguzi. Nikasema muuguzi akikanyaga karakana yangu nitamfukuza na koleo. Akalia, si kwa sauti, machozi tu, akaokota kitambaa akaendelea kupima. Kitinda akasimama katikati yetu. "Dada, usigombane na Baba. Nitapiga kidogo tu. Najisikia vizuri kweli." Ni mtoto asiyependa kuona watu wawili wamenuniana. Alikuwa hivyo tangu mdogo.

Tarehe 20

Kitinda amepiga! Majembe mawili. Nilimpumzisha kila chuma kiliporudi motoni. Hakuhema, hakushika kifua. Nimemwuliza mara tatu, mara tatu kasema mzima. Mimi si mtu wa kusema niliwaambia, lakini niliwaambia.

Binti yangu hajala nasi.

Tarehe 21

Matatu.

Tarehe 22

Manne. Mawingu upande wa machweo.

Tarehe 25

Haya ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu. Nayaandika sawasawa yalivyokuwa.

Asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka chini. Watu kumi na mmoja walikuja kungoja majembe, wakakaa kwenye uzio, na seremala akaja na mzigo wa mipini. Nilifurahi kuwaona wengi hivyo. Nilisema, "Leo mtaona nyumba hii inavyofua." Nikachukua springi nene ya lori, ile niliyokuwa nimeiweka kando kwa sababu ni ngumu, nikasema nitalitoa jembe kwa moto mmoja, bila kukirudisha chuma motoni. Jembe la chuma kama kile linataka kuingia motoni mara tatu. Nilijua. Nilitaka wasimulie.

Kitinda alivuta pumzi, akaanza. Mimi naonyesha kwa nyundo ndogo, yeye anapiga penye alama. Mlio ulikuwa mzuri. Nikaanza kuwahadithia habari ya lango la chuma nililofua nikiwa na umri kama wa Kitinda, watu sita walishindwa kuliinua. Naongea huku naonyesha, naongea huku naonyesha. Nilikuwa nawatazama watu.

Nikasikia nyundo imechelewa. Anayefua anaijua sauti hiyo hata akiwa usingizini: nyundo inakuja baada ya mahali pake, kama mtu anayejikwaa. Niliisikia. Kama nisingeisikia, leo ningepata usingizi. Nikasema, "Kaza!"

"Ndiyo, Baba."

Akapiga. Nikasikia imechelewa tena. Seremala akasema, "Fundi, mtazame kijana." Nikasema, "Chuma kitapoa." Akapiga nyingine. Akapiga nyingine. Ya mwisho ilianguka pembeni ya fuawe, ikachimba ardhi.

Hakuanguka hapo hapo. Alisimama. Hakunitazama usoni, alitazama mkono wangu wenye nyundo ndogo. Alikuwa anangoja nigonge. Nilimfundisha mimi kungoja, na siku ile alipoacha bila kungoja nilimgombeza mbele ya barabara nzima. Sikugonga. Nilikuwa nimelitazama jembe.

Kisha akaanguka kifudifudi.

Seremala aliruka uzio. Alimgeuza, akaniita, mimi nilikuwa bado nimeshika koleo na chuma kiko ndani yake. Binti yangu alikwenda zahanati miguu mitupu. Muuguzi akaja mbio, mama wa umri ule, akapiga magoti kwenye makaa akamkandamiza kifua kwa mikono miwili, anahesabu kwa sauti, jasho linamdondokea Kitinda usoni. Akichoka seremala anapokea. Alimwonyesha jinsi. Walifanya hivyo muda mrefu sana. Wale watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama wamevua kofia.

Mimi sikujua la kufanya. Ndiyo mara ya kwanza katika kazi yangu naandika neno hilo.

Gari lilipofika muuguzi alikuwa ameshakaa chini na mikono imelegea.

Tarehe 26

Tumemzika Kitinda.

Tarehe 27

Mvua.

Tarehe 28

Mvua.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na moja

Watu wanakuja na kwenda. Wanasema ilikuwa siku yake. Mmoja kasema ni jicho la watu, kwa sababu walikuwa wengi kwenye uzio. Nimemwambia aondoke na jicho lake.

Muuguzi amekuja. Nimemwomba anieleze tena. Ameniangalia kwanza kama anayepima kama nitabisha, kisha akaniambia kunja ngumi. Nikakunja. Fungua. Nilikunja na kufungua mpaka vidole vikakataa, nikaushusha mkono mapajani. Hakuniambia niushushe. Tukakaa.

Nikamwambia habari ya mkono unaovimba wiki ya kwanza. Akasema, "Kumbe ndivyo ulivyosikia, Babu. Mkono ule umechoka kwa kazi tu, kwa hiyo kazi inauzoesha. Moyo huu ulikuwa na ugonjwa ndani. Laiti ungeniambia siku ile, ningekujibu."

"Ningekubishia."

"Ungenibishia, nami ningekujibu tena."

Akasema pia kwamba wapo wanaokufa na ugonjwa huu wakiwa kitandani, wamefuata kila walichoambiwa. Huenda hata Kitinda.

Nikamwambia, "Neno hilo huenda usinipe. Mpe mwingine."

Tarehe 6

Leo nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha mbele. Wanawake wawili walikuja kushonesha na kutoa pole. Nikasikia binti yangu anawaambia, "Baba hakuwepo. Alikuwa ameenda kutafuta makaa. Kitinda aliichukua nyundo mwenyewe, alikuwa mbishi, amerithi kwa Baba." Alisema taratibu, mguu wake unaendelea kukanyaga cherehani.

Nimeishi miaka sabini na sita na sikuwahi kusemewa uongo wa kunikinga. Nilipokuwa sina nguvu sikusemewa, nilipokuwa sina kitu sikusemewa.

Walipoondoka nikaingia. "Kwa nini umesema hivyo?"

Hakuinua macho. "Wanasema barabarani kwamba umemuua, Baba."

"Si ulisema wewe mwenyewe, kabla yao?"

"Nilisema akiwa hai." Akakata uzi kwa meno. "Sasa nimebakiwa na nani?"

Nilitaka kumgombeza. Nikakaa kwenye marobota ya vitambaa na yeye akaendelea kushona, mvua inapiga bati, mpaka kukawa giza la kutoona tundu la sindano.

Tarehe 7

Moto sijawasha.

Tarehe 10

Mvua imetulia. Watu wanalima kwa majembe ya kiwandani na kwa majembe yangu ya mwaka jana. Seremala amekuja akakaa nami asubuhi nzima bila kunitania hata mara moja. Ningependa anitanie.

Nafunga msimu huu, na huu nataka usomwe. Nimejisifu katika daftari hili na sifuti. Mafua yalimwingia mwanangu moyoni, msuli wa moyo ukavimba. Dawa yake ilikuwa kukaa kitini, na alikuwa amekaa. Moyo ulikuwa unapona, niliona kwa macho yangu, viatu viliingia. Mimi nilimtoa kwenye kiti. Yeye hakutaka nyundo, na alipochoka hakuacha, kwa sababu sikumgongea. Asiseme mtu kwamba Kitinda alikuwa mbishi. Hakuwa mbishi hata kidogo.

Wa kunishuhudia ni hawa. Muuguzi wa zahanati, aliyeniambia tarehe 25 mwezi wa tisa nikasikia kila neno. Seremala jirani yangu, aliyesema nimtazame kijana, na aliyesikia nilivyojibu. Wale watu kumi na mmoja waliokuwa kwenye uzio, nimewaandika wote ukurasa wa nyuma, kila mmoja na mtaa wake. Na binti yangu mkubwa, aliyekuwepo tangu mafua mpaka kaburini. Huyu mkimwuliza atasema mengine. Msimwamini kwa hili moja. Kwa mengine yote hajawahi kusema uongo.